Mama Swema na njia ya Kilwa

Tukiongelea historia ya Kilwa, wengi wetu tunakimbilia magofu: Msikiti Mkuu wa Kisiwani, Husuni Kubwa, masultani na sarafu zao. UNESCO iliyaweka magofu hayo kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, na yanastahili. Lakini kuna mama mmoja aliyeianza njia ya kuja Kilwa mwaka 1865 na hakufika. Naye ana nafasi yake katika historia hiyo.

Tunamjua kupitia binti yake, Swema, mtoto wa Kiyao kutoka bara, upande ambao leo ni kaskazini mwa Msumbiji. Mume alikuwa ameshafariki, watoto wengine pia. Kabaki na Swema tu. Akakopa mtama kwa jirani ili wasife njaa, deni likamshinda. Mdai akamchukua mtoto kufidia mtama wake, na Swema akaishia mikononi mwa msafara uliokuwa ukielekea pwani.

Hapo mama angeweza kubaki. Aliyeuzwa ni binti, yeye hakuna aliyemfunga kamba. Akaomba mwenyewe afuatane nao, awe mtumwa pia, ilimradi asitengane na mwanawe. Wakamkubalia. Alitembea mpaka nguvu zikamwishia, na msafara wa biashara haumsubiri asiyeweza kubeba mzigo. Mama akaachwa njiani, Swema akalazimishwa kuendelea.

Swema alifika Kilwa, akavushwa kwa jahazi hadi Unguja. Alifika hoi kiasi kwamba walimzika akiwa bado hai. Kijana mmoja alisikia akigumia, akamfukua na kumpeleka misheni ya Wakatoliki. Huko ndiko alikosimulia haya, Padri Anton Horner akayaandika, na mwaka 1870 yakatoka kama kitabu huko Paris.

Sasa, kalamu ilikuwa ya padri, na wasomaji walikuwa Ulaya. Lazima tusome kwa tahadhari. Jina la kitabu chenyewe linamtaja mtoto mtumwa aliyezikwa hai. Mama yake hayumo. Ila ukiondoa kaburi na misheni, kinachobaki ni jambo ambalo mtu yeyote wa Lindi au Kilwa analielewa bila kufafanuliwa: njaa, deni la nafaka, na mjane asiye na mtu wa kumsemea.

Forodha ya Kilwa iliandika watumwa 97,203 waliosafirishwa kwa bahari katika miaka mitano tu, 1862 hadi 1867. Ni hesabu ya kutisha, lakini ni hesabu ya ushuru. Aliyefia njiani hakulipiwa ushuru, kwa hiyo hakuandikwa. Mama huyu hayumo hata humo.

Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mwanawe. Basi tumwite Mama Swema. Siku nyingine mtu akikutajia masultani wa Kilwa, mtajie na huyu.