Vyombo Vipasuavyo Mawimbi na Kazi za Vita

Chombo cha kawaida, kiwe jahazi au meli ya chuma, hulipanda wimbi na kushuka nalo. Na mwendo ukizidi, kupanda huko ndiko kuwachoshako abiria na kuutesako mkuku. Katika miaka ya 1980 Robert Clifford na Philip Hercus, waundaji wa Australia, walishika njia nyingine. Chombo chao kilikuwa na miili miwili myembamba chini ya sitaha moja, omo zake kali kama kisu, zipate kulichoma wimbi badala ya kulipanda. Kati ya miili hiyo waliweka omo ya tatu, iliyoinuka juu ya maji. Hiyo haigusi bahari ila chombo kikitaka kuzama kichwa, ndipo hukiinua. Vyote vilikuwa vya alumini, na vile vikubwa havikutiwa rafadha bali pampu zitupazo maji nyuma.

Viliundwa kwa ajili ya wasafiri na magari yao. Mnamo Juni 1990 kimojawapo, Hoverspeed Great Britain, chenye urefu wa meta 74, kilivuka Atlantiki kwa siku 3 na saa 8 kasoro dakika chache, kikatwaa tuzo ya Hales, ambayo hapo kwanza ilikuwa fahari ya meli kubwa za abiria.

Vita viliingia kwa mlango wa dharura. Jeshi la Majini la Australia lilikuwa na meli mbili za kubebea askari ambazo matengenezo yake yalichelewa, basi Juni 1999 likakodi feri ya meta 86 kutoka Hobart, ikaitwa Jervis Bay. Mnamo Septemba majeshi ya kimataifa yakaingia Timor ya Mashariki. Kutoka Darwin hata Dili ni maili za bahari 430 hivi. Feri hiyo ilizikata kwa saa 11 hivi. Ilifanya safari 107, ikachukua watu 20,000 na magari 430, nayo magari yalishuka yenyewe kwa magurudumu yake, bila winchi.

Wamarekani hawakukawia kuiga. Swift, ya meta 98, waliipokea 2003. Mwaka 2005 ikapeleka misaada baada ya tufani ya Katrina. Baadaye iliangukia mikononi mwa Falme za Kiarabu, na tarehe 1 Oktoba 2016, karibu na Mokha, Wahouthi wakaipiga kwa kombora. Wenyewe walisema imebeba misaada na majeruhi. Adui akasema ni manowari. Umbo lake lingeweza kuwa ushahidi wa wote wawili.

Moto uliila sehemu ya mbele. Alumini huyeyuka kwenye digrii 660 hivi, hali chuma huvuka 1,400. Wepesi ulioipa mbio ndio uliokuwa udhaifu wake. Wala mbio zenyewe, maili 40 na zaidi kwa saa, hazikufaa kitu: makombora mengi ya kupigia meli huenda karibu na mwendo wa sauti.