Katuba: nyumba zilizoanza na chumba kimoja

Ukipita njia za komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, utaona nyumba nyingi ambazo upande mmoja una pazia na mlango wa chuma, upande mwingine ni kuta tu zinazongoja mabati. Ndani watu wanaishi vizuri, mama anapika, watoto wanasoma. Mgeni anaweza kufikiri kwamba mwenye lupangu ameshindwa. Mara nyingi si hivyo. Katuba ilizaliwa namna hiyo.

Wakati wa Wabelgiji, mji ulipoitwa Elisabethville, wafanyakazi wengi walilala katika kambi za kampuni kama Union Minière. Nyumba za kambi zilikuwa imara, lakini zilifuata kazi. Siku kazi inaisha, baba anarudisha ufunguo na familia inatafuta pa kwenda. Baada ya vita vya 1940-1945 watu waliongezeka sana, na cité ya zamani, Kamalondo ya leo, ikajaa.

Ndipo mtawala mmoja, Fernand Grévisse, akaleta mpango ambao mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Mkaaji alipewa kiwanja, akakopeshwa vifaa vya ujenzi, akajenga mwenyewe au akatafuta fundi, kisha akalipa deni kidogo kidogo. Katuba ilikua kwa njia hiyo miaka ya 1950. Ruashi ni habari nyingine: kule ofisi ya serikali iliyoitwa OCA, iliyoundwa 1952, ndiyo iliyojenga.

Tofali halikutoka mbali. Uwanda wa Katanga umejaa vichuguu, vingine virefu kuliko nyumba, na udongo wake unashikana vizuri. Mpaka leo watu wanauchimba, wanaufinyanga, wanaanika, kisha wanachoma katika tanuru la kuni. (Mwenye kichuguu katika lupangu lake hakosi marafiki.) Kazi hiyo ni ya kiangazi. Mvua ikianza Novemba, tofali bichi linarudi kuwa matope. Kwa hiyo familia inapiga hesabu: chumba kimoja kipate mabati kabla ya mvua, mawe yawekwe juu upepo usiyabebe, vingine vitangoja mwaka ujao. Sebule inaweza kungoja miaka kumi.

Lakini si kila aliyeanza alimaliza. Mwaka 1961, wakati wa Katanga ya Tshombe, Waluba kwa maelfu walikimbia makwao katika komini za mji, wakaenda kujikinga karibu na askari wa Umoja wa Mataifa. Kambi ikapita watu 30,000, katika vibanda vya majani, maboksi na vipande vya bati. Wengi walikuwa wameacha nyumba za matofali walizojenga kwa mikono yao. Mwaka 1962 wengi wakasafirishwa kwenda Kasai na kaskazini mwa Katanga.

Familia zilizohama na zinazoanza tena leo zinajua swali hilo: kuna faida gani kujenga, kama kesho tutafukuzwa? Na kuna jambo jingine. Tangu sheria ya Julai 1973, udongo wote wa Kongo ni mali ya serikali, na anayelindwa kweli ni mwenye cheti cha kuandikishwa, sertifika. Kuna wenye kuta nne, mabati na wajukuu ndani, ambao bado hawana karatasi hiyo.