Milima Iliyotembea Juu ya Reli

Mapenzi ya mtu kwa mashine huchekwa mara nyingi. Husemwa kuwa chuma hakina moyo, na akipendaye hupoteza penzi lake bure. Neno hili lina sura ya busara, lakini historia ya reli ya Afrika Mashariki yatufundisha kuwa penzi la namna hii laweza kuhifadhi kitu ambacho hesabu ya faida na hasara ingekifuta.

Katika miaka ya 1955 na 1956, kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, Uingereza, kiliunda injini 34 za mvuke kwa ajili ya reli iliyozihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Ziliitwa daraja la 59. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, wala hapakuwa na injini ya mvuke iliyozishinda kwa ukubwa katika reli za upana wa mita moja duniani kote. Zilipakwa rangi ya damu ya mzee, zikapewa majina ya milima ya nchi hizi. Majina hayo hayakuwa pambo tupu, maana kazi yao ilikuwa kupanda. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni mwendo wa kilomita 530 hivi, na njia huinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Injini moja ilivuta mabehewa yenye uzito wa tani 1,200 katika mpando huo.

Siri ya nguvu hizo ilikuwa katika umbo lililobuniwa na Mwingereza Herbert William Garratt, aliyeomba hataza yake mwaka 1907. Alitenganisha magurudumu katika mafungu mawili, moja mbele na moja nyuma, akalitundika boila katikati yake. Hivyo uzito uligawanyika juu ya magurudumu 28, na mwili mrefu ukaweza kujipinda kwenye kona kama nyoka. Mzigo ambao ungeivunja reli nyembamba ukabebwa kwa salama.

Lakini umbo jema halijiendeshi. Mchochea moto aliuchunga mwali wa mafuta na rangi ya moshi. Fundi alitambua maradhi ya injini kwa kuisikiliza. Baadhi ya madereva, hasa Masingasinga, walikabidhiwa injini zao za kudumu, wakaisugua shaba yake hata ikang'aa. Watu hawa ndio wapenzi wa kwanza wa mashine hizi, na penzi lao lilikuwa la jasho.

Kisha dizeli ikaja, na kufikia mwaka 1980 milima hii yote ilikuwa imestaafishwa. Nyingi ziliishia kuwa chuma chakavu. Katika zile 34, mbili zimesalia, nazo zimo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi yaliyofunguliwa mwaka 1971: Mount Gelai na Mount Shengena. Ya kwanza hata ilipashwa moto tena mwanzoni mwa karne hii, ikatembea.

Msomaji na ayatazame majina hayo mawili kwa makini. Gelai ni mlima ulio karibu na Ziwa Natron. Shengena ni kilele cha milima ya Upare. Yote miwili imo Tanzania, nazo injini zimo Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli iligawanywa kama mali ya ndugu waliogombana. Vyuma hivi viwili vyashuhudia kuwa palikuwa na wakati ambapo nchi tatu zilikuwa na reli moja. Hati huweza kufungiwa kabatini. Tani 252 hazifichiki.

Hata hivyo, ushahidi huo haukamiliki pasipo wanadamu. Njia ya Mombasa hadi Ziwa Victoria, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, iligharimu maisha ya vibarua wa Kihindi wapatao 2,500, na Waafrika pia waliacha miili yao kandokando yake. Aipendaye injini akawasahau hawa hupenda nusu tu. Penzi lililo kamili huuliza mashine ilivuta nini, ilipita wapi, na ni mikono ya nani iliyoitandikia njia. Likiuliza hivyo, si mchezo tena. Ni utunzaji wa historia.