Maambukizi ya Kinywa: Jino Linaponyamaza Bila Kupona

Maumivu ya jino yana tabia moja inayowaponza wengi, nayo ni kukoma yenyewe. Mgonjwa aliyekesha siku tatu ameshika shavu hupata nafuu siku ya nne, akaahirisha safari ya hospitali. Kumbe kilichonyamaza ni neva ya jino iliyokufa, wala si ugonjwa. Bakteria wamebaki palepale ndani ya jino, na njia yao kutoka hapo ni kupenya kwenye ncha ya mzizi na kuingia katika mfupa wa taya.

Kinywa cha mtu mwenye afya huwa na mamia ya aina za bakteria, na wengi wao hawamdhuru. Madhara huanza pale wanapoachwa wajijenge juu ya meno katika utando laini unaoitwa ukoga. Kila mtu anapokula sukari, bakteria wa ukoga nao huitumia na kutoa tindikali inayolainisha sehemu ngumu ya jino hadi litoboke. Ukoga uliokaa kando ya fizi huzifanya zivimbe na kutoa damu, na ukikakamaa kuwa ugaga hauondoki tena kwa mswaki. Huhitaji kusafishwa na mtaalamu. Watu wengi, wakiona damu, huacha kupiga mswaki sehemu hiyo. Kwa kufanya hivyo huuacha ukoga uongezeke mahali ambapo ndipo ulipopaswa kuondolewa.

Usaha unaotoka kwenye mzizi hutafuta upenyo. Mara nyingi hutokeza kama kijipu kwenye ufizi. Hata hivyo, usaha wa magego ya chini unaweza kushuka chini ya ulimi na kuenea shingoni. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1836 na daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, na hadi leo huitwa kwa jina lake. Sakafu ya kinywa huvimba na kuwa ngumu, ulimi husukumwa juu na nyuma, na njia ya hewa huweza kuziba. Kabla ya kupatikana kwa antibiotiki, zaidi ya nusu ya waliopatwa na hali hiyo walifariki. Mtu mwenye jino bovu anayeanza kuvimba chini ya taya, kushindwa kumeza mate, kushindwa kufungua kinywa au kubadilika sauti, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Antibiotiki zinazonunuliwa dukani bila ushauri wa daktari hazitatui tatizo hili. Dawa husafirishwa na damu, na jino lililokufa halipitishi damu ndani yake. Uvimbe hupungua kwa wiki chache, kisha hurudi. Chanzo huondoka kwa jino kung'olewa au mzizi kutibiwa, na usaha kutolewa.

Bakteria wa kinywa huweza pia kuingia katika mzunguko wa damu. Kwa mtu mwenye vali za moyo zilizoharibika au za bandia, wanaweza kujishikiza hapo na kusababisha maambukizi ya moyo. Ndiyo maana ni muhimu mgonjwa wa moyo amweleze daktari wa meno hali yake kabla ya jino kung'olewa. Kwa mwenye kisukari, fizi zenye ugonjwa hufanya sukari iwe vigumu kudhibitiwa, na sukari nayo huzidisha ugonjwa wa fizi.

Watoto wana hatari zao. Noma, ugonjwa ambao jina lake limetoka katika Kigiriki na halihusiani na neno la mtaani, huanza kama kidonda cha ufizi kwa mtoto mwenye utapiamlo, mara nyingi baada ya surua, kisha hula shavu kwa siku chache. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika Desemba 2023. Hatari nyingine husababishwa na watu wazima wenyewe: imani ya "meno ya plastiki", ambapo fizi za mtoto mchanga mwenye homa au kuharisha huchokolewa kwa chombo kisicho safi ili kuondoa kinachodhaniwa kuwa jino baya. Kinachotolewa ni chipukizi halali la jino. Mtoto hubaki na kidonda kinachoweza kuleta pepopunda au sumu ya damu, huku kuharisha kukiwa hakujatibiwa.

Kinga ya nyumbani ni kupiga mswaki mara mbili kwa siku, kwa dakika mbili, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Wa usiku usikosekane, kwa kuwa mate hupungua wakati wa usingizi. Kijiti cha mswaki, ambacho ndicho kilichokuwa na jina hilo kabla ya brashi, hufaa kikitafunwa hadi ncha ilainike na kikifikishwa hadi magego ya nyuma. Mtoto husafishwa meno tangu jino la kwanza linapochomoza, kwa dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele hadi afikishe miaka mitatu. Katika mikoa kama Arusha, Kilimanjaro na Manyara, ambako maji ya baadhi ya maeneo yana floraidi nyingi na kuyapa meno rangi ya kahawia, mzazi amsimamie mtoto ateme dawa hiyo badala ya kuimeza.