SAA YA JUA HAIAZIMWI

Mhariri ameniomba niandike habari za kale zitakazowafaa wenzangu tuliosoma zamani pamoja na vijana waliomo madarasani sasa. Nimechagua saa ya jua. Ni chombo ambacho mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aweza kukitengeneza kwa ubao, rula na hesabu alizokwisha kufundishwa. Tena historia yake ina kisa kimoja cha Warumi ambacho sijachoka kukisimulia.

Mwaka 263 K.K., katika vita vya kwanza baina ya Roma na Karthago, Valerius Messalla aliuteka mji wa Catania kisiwani Sicily. Alikuta huko saa ya jua, akaichukua hadi Roma, ikawekwa juu ya nguzo hadharani. Lakini Catania iko karibu nyuzi 37½ Kaskazini ya Ikweta, na Roma karibu nyuzi 42. Kimo cha jua angani hutegemea mahali mtu aliposimama, kwa hiyo mistari iliyochorwa kwa ajili ya mji mmoja haikuweza kusema kweli katika mji mwingine. Hata hivyo Warumi waliifuata kwa miaka 99, mpaka Marcius Philippus alipoweka kando yake, mwaka 164 K.K., saa iliyopimwa kwa Roma yenyewe. Fikirini, ndugu zangu: taifa lenye majeshi na mahakama, karibu karne nzima likitii nyara!

Warumi waligawa mchana mafungu 12, uwe mrefu au mfupi, hata saa yao ya kiangazi ikawa kama dakika 75 na ya majira ya baridi kama 45. Sisi nasi huanza kuhesabu saa tangu macheo, ila kwetu mchana haubadiliki sana. Dar es Salaam, fungu moja katika 12 huwa kati ya dakika 59 na 63 tu mwaka mzima.

Hatua kubwa iliyofuata naiona kwa Ibn al-Shatir, aliyepima nyakati za sala katika Msikiti wa Umayya mjini Damascus. Mwaka 773 Hijiria, yaani 1371-72, alitengeneza kwa marumaru saa ya jua ambayo ukingo wake wa kutupia kivuli umelala sambamba na mhimili wa dunia. Kwa kuwa dunia hujizungusha nyuzi 15 kila saa, kivuli cha ukingo wa namna hiyo hurudi kwenye mstari ule ule kila siku saa ile ile ya jua, kiangazi na masika. Ukingo huo hapana budi uinuke kwa pembe iliyo sawa na latitudo ya mahali.

Hapo ndipo sisi wa karibu na Ikweta tunapohitaji hesabu zetu wenyewe. Katika bustani ya bwana mmoja niliona saa ya shaba kutoka Uingereza, ukingo wake umeinuka zaidi ya nyuzi 50. Pambo zuri, basi. Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 Kusini. Kwenye ubao uliolazwa chini, mstari wa saa saba wa London uko karibu nyuzi 12 kutoka ule wa saa sita. Wetu haufiki nyuzi 2. Mistari husongamana isisomeke.

Dawa yake ni kuinamisha ubao wenyewe nyuzi 6.8, upande wa kusini ukiwa juu, na kuweka ukingo sambamba na ubao, sentimita 10 juu yake. Mistari yote huwa sambamba. Saa sita iko chini ya ukingo. Saa tano na saa saba ziko sentimita 2.7 kila upande. Nne na nane 5.8, tatu na tisa 10, mbili na kumi 17.3, moja na kumi na moja 37.3. Ni tanjenti ya nyuzi 15, 30, 45, 60 na 75 mara 10, hakuna zaidi. Saa kumi na mbili haina mstari, maana kivuli chake hakigusi ubao kamwe.

Kusini msiitafute kwa dira, kwani sindano yake haielekei kusini ya kweli. Simamisheni kijiti wima katikati ya duara, mtie alama ncha ya kivuli inapogusa duara asubuhi na inapoligusa tena alasiri. Mstari wa kuunganisha alama hizo ni Mashariki-Magharibi.

Kijana akiona saa yake haipatani na ya mkononi, asiuvunje ubao. Saa za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45, na Dar es Salaam iko karibu 39.3, kila uzi ni dakika 4. Tena mwendo wa jua lenyewe si sawa mwaka mzima. Kwa hiyo ubao ukionyesha saa sita kamili, saa ya mkononi itaonyesha saa sita na dakika 7 mwanzoni mwa Novemba, na saa sita na dakika 37 katikati ya Februari.