Husuni Kubwa na Ukoo Ulionyakua Kilwa

Mgeni anayevuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani huanzia ngome ya Gereza, akaingia Msikiti Mkuu, na jua likishakuwa kali huona ametembea vya kutosha. Husuni Kubwa iko mbali kidogo, upande wa mashariki, juu ya jabali linalotazama bahari. Wanaoiacha hukosa jengo linaloeleza kuliko yote jinsi anavyotawala mtu ambaye babu yake alikipata kiti kwa mabavu.

Babu mwenyewe ni al-Hasan bin Talut. Kabla yake Kilwa ilitawaliwa na watu waliojinasibisha na Shiraz, wazao wa Ali bin al-Hasan, yule ambaye simulizi husema alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka. Mnamo 1277 hivi, bin Talut aliutwaa utawala kwa nguvu akisaidiwa na watu wake, na tarikh ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, haioni haya kulisema hilo. Ukoo wake, wa Mahdali, ulikuwa wa masharifu wenye asili ya Yemen. Nasaba ya Mtume ilisaidia kufunika yaliyotangulia.

Mjukuu wake, al-Hasan bin Sulaiman, aliifuata njia hiyo ya dini kwa bidii. Angali kijana alikwenda kuhiji, akakaa miaka miwili Aden akisoma. Kiti kilipobaki wazi, nduguye Dawud alikikalia kwa niaba yake. Haji aliporejea, mnamo 1310 hivi, Dawud akampisha bila vita. Ndugu wangapi wamechinjana kwa kidogo kuliko hicho!

Ndipo ikajengwa Husuni Kubwa: vyumba zaidi ya 100, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, birika la kuogea lenye pande nane, na ngazi za kuteremkia baharini. Upana wa vyumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Hata sultani hakuweza kuupita. Upande wa kusini kuna ua mkubwa uliozungukwa na maghala. Hapa ndipo fahari inapoonyesha ilikotoka: dhahabu iliyoshuka kutoka bara hadi bandari ya Sofala, kisha ikapitia mikononi mwa Kilwa. Sarafu ya shaba yenye jina la sultani huyu imepatikana Zimbabwe Kuu, mamia ya kilomita kutoka pwani. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipolichimbua jengo hili katika miaka ya 1960, aligundua pia kwamba halikuwahi kukamilika.

Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, sultani huyo akiwa bado hai. La ajabu ni kwamba hakuandika hata neno moja juu ya jumba hilo. Aliusifu mji akasema wote ni wa mbao. Kilichomkaa akilini ni ukarimu wa mwenyeji wake, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Ijumaa moja, sultani akitoka msikitini, fakiri wa Kiyemeni alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani aliingia nyumbani kwa khatibu, akabadilisha mavazi, akamkabidhi zile za kwanza. Mwanawe akazikomboa kwa fakiri kwa watumwa kumi. Baba aliposikia jinsi watu walivyolisifu tendo lile, alimwongezea fakiri watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Watumwa hao, bila shaka, hawakuulizwa lolote. Ibn Battuta mwenyewe anataja kwamba sultani alivamia bara mara kwa mara, akachukua nyara na kutenga khumsi, yaani sehemu moja ya tano, kama sharia inavyoagiza. Masharifu kutoka Iraq na Hijaz walikuja kupokea fungu lao la khumsi hiyo, na kila aliyeondoka na zawadi aliieneza sifa ya ukoo wa Mahdali huko alikokwenda.

Al-Hasan alifariki mnamo 1333 hivi, na Dawud akarudi kwenye kiti alichokiachia. Safari hii alikikalia, kwa hesabu ya tarikh, miaka 24. Mwombaji alipomjia, anasimulia Ibn Battuta, Dawud alimjibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, na hakuacha cha kutoa.