Mafundi wa Hanwell na Amplifaya Yao

Leo tutazungumza habari za amplifaya, yaani mashine ya kuikuza sauti ya gitaa la umeme, na jinsi watu wachache wa London walivyoiunda mwaka 1962 kwa vifaa walivyovitafuta wenyewe.

Gitaa la umeme halina tumbo la kutolea sauti. Ukilipiga bila mashine, mtu aliye chumba cha pili hasikii kitu. Nyuzi zake za chuma hutikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, na katika waya huo hutokea umeme mdogo mno, pengine sehemu ya kumi ya volti moja. Umeme huo hauwezi kuitikisa spika. Sharti ukuzwe kwanza, na katika miaka ile kazi hiyo ilifanywa na valvu.

Wazee wanaikumbuka valvu katika redio za zamani. Ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa, na ndani yake mna kitu kiwakacho wekundu kama kaa la moto. Ndiyo maana ulifungua redio ukangoja ipate moto ndipo iseme. Kipande kile cha ndani kikipata moto hutoa elektroni, yaani chembe za umeme, na mbele yake kuna bamba linalozivuta. Hiyo ilikuwa kazi ya Mwingereza John Ambrose Fleming, mwaka 1904. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akatia kitu cha tatu katikati ya vile viwili, uzio mdogo wa waya. Fikiri mfereji wa shambani wenye lango. Mtoto aweza kulisogeza lango kwa mkono mmoja, na maji mengi yakapita au yakazuiwa. Umeme mdogo wa gitaa ndio unaosogeza lango. Umeme mkubwa hufuata mtikisiko ule ule.

Sasa twende Hanwell, kitongoji cha magharibi ya London. Mwaka 1960 palifunguliwa hapo duka la ala za muziki, mali ya mpiga ngoma mmoja, Jim Marshall. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1923. Alipokuwa mtoto alipatwa na kifua kikuu cha mifupa, akakaa miaka mingi hospitali amefungwa plasta. Shule aliipata kidogo sana. Alipokuwa mtu mzima alinunua vitabu vya uhandisi akajisomea, hata akaweza kufanya kazi ya kuchonga vyombo katika kiwanda cha ndege. Nawataja vitabu hivyo kwa makusudi, kwa maana ninyi mnaosikiliza mnajua ni kazi gani kumaliza ukurasa mmoja usiku baada ya kutwa ya jasho.

Vijana wapiga gitaa walikuwa wakija dukani. Miongoni mwao walikuwamo Pete Townshend, Ritchie Blackmore na Big Jim Sullivan, ambao baadaye walipata sifa. Walilalamika kwamba amplifaya waitakayo haipo. Iliyo karibu na matakwa yao ilikuwa ya Kimarekani, jina lake Bassman, kazi ya Leo Fender, ambaye naye alianza kwa duka la kutengeneza redio huko Fullerton, California, mwaka 1938. Lakini Uingereza ilikuwa na upungufu wa dola baada ya vita, na kwa miaka mingi serikali ilizuia ala za Marekani zisiingie. Zilipoanza kuingia tena mwaka 1959, bei yake ilimshinda kijana wa kawaida.

Marshall hakuwa fundi wa umeme. Alikuwa na mtengenezaji dukani, Ken Bran, na Bran akamleta Dudley Craven, kijana aliyekuwa bado mwanagenzi wa kazi ya elektroniki. Ken Underwood akaungana nao. Wote walikuwa wapenzi wa redio, watu wa kukaa na chuma cha kulehemu usiku baada ya saa za kazi. Wakaifungua Bassman, wakafuata waya mmoja mmoja, wakachora mchoro wake.

Mchoro walikuwa nao, lakini vifaa vya Fender hawakuwa navyo. Hapa ndipo palipo kiini cha habari yetu.

Katika mlango wa kuingilia sauti Fender alitia valvu iitwayo 12AY7, ambayo nguvu yake ya kukuza ni kama mara 44. Waingereza wakatia ile waliyoizoea, ECC83, ambayo yake ni mara 100. Kwa hiyo umeme wa gitaa ulifika mbele ukiwa umekwisha kukua kupita kiasi alichokusudia Fender. Transfoma walizitoa katika akiba ya wauzaji wa Uingereza. Valvu kubwa za kusukuma spika zilikuwa mwanzoni za Kimarekani, 5881, kisha wakahamia KT66 ya Kiingereza, ambayo ilikuwapo tangu mwaka 1937. Mahali pa bati la chuma walitumia alumini, ambayo ni nyepesi kukata na kutoboa.

Kisha spika. Bassman ilikuwa na spika 4 za inchi 10 katika sanduku lililo wazi nyuma. Marshall alijaribu spika 2 za inchi 12 za kampuni ya Celestion, zikapasuka kwa nguvu. Akatia 4, akaunda sanduku dogo kadiri zilivyoweza kuenea, na nyuma akaliziba kabisa. Sauti ikatoka mbele tu, nzito, yenye kifua.

Walijaribu mara nyingi. Marshall alisimulia kwamba ile ya sita ndiyo iliyotoa sauti aliyoitaka, na kwamba siku ya kwanza ya kuuza walipata maagizo 23. Wakaiita JTM45, herufi JTM ni za Jim na mwanawe Terry Marshall.

Wako wasemao kwamba watu hawa waliiba mchoro. Mimi naona neno hilo ni kali. Wenye viwanda vya valvu walikuwa wakichapisha vitabu vya michoro ili watu wanunue valvu zao. Kampuni ya Mullard, kwa mfano, ilitoa kitabu kizima cha amplifaya mwaka 1959. Fender mwenyewe alikunywa katika kisima hicho. Hata hivyo ni kweli kwamba bila Bassman kusingekuwa na JTM45, na haifai kumficha Fender tunapowasifu watu wa Hanwell.

Valvu ikisukumwa kupita uwezo wake, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, na sauti hukwaruza. Wahandisi wa redio waliona hilo ni kosa. Wapiga gitaa walilipenda. Mwaka 1966, Eric Clapton alipopiga katika sahani ya John Mayall, aliifungulia amplifaya ya Marshall kwa sauti kubwa hata studioni, na vijana wengi wakaanza kuitafuta sauti hiyo.

Transista ilivumbuliwa mwaka 1947, na baadaye ikaziondoa valvu katika redio. Viwanda vingi vya Ulaya vilifungwa. Leo valvu za gitaa hutoka hasa Urusi, Slovakia na China, na watu katika nchi nyingi bado huunda amplifaya nyumbani wakifuata mchoro ule ule wa Fender na Marshall.

Kama kuna fundi kati yenu anayetamani kujaribu, asikie haya. Ndani ya mashine hii kuna umeme wa volti 400 na zaidi. Kuna vifaa viitwavyo kapasita, ambavyo huweka umeme huo hata baada ya waya kung'olewa ukutani. Mashine imezimwa, taa haiwaki, na bado inaweza kuua. Mafundi huziondolea kapasita umeme kwa kupitisha rezista, kisha hupima kwa mita mpaka sindano irudi penye sifuri, ndipo waguse. Wanapolazimika kupima mashine ikiwaka, hutumia mkono mmoja tu, na wa pili huutia mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani penye moyo.

Muda wetu umekwisha. Kwaherini.